Usiniambie 'ni kazi ya mkono' kama ncha hazikutani

Ukizunguka maonyesho ya wabunifu wachanga hapa Nairobi wikendi, hasa yale ya nguo na mapambo ya nyumba, kuna jibu moja utalisikia hadi likuchoshe. Umeshika foronya ya mto wa kochi iliyoungwa kwa vipande vya kitenge. Umeigeuza hivi na hivi. Katikati pana nyota ya ncha nane, ila ncha mbili ni butu, ya tatu imemezwa na mshono, na pale zote zinapofaa kukutana pamevimba kama jipu. Unauliza bei, unatajiwa bei ya kushtua. Ukishtuka kweli, unaambiwa kwa tabasamu pana: "Hiyo ni kazi ya mkono, boss."

Sikatai. Hata chapati iliyoungua ni kazi ya mkono.

Najua kuna watakaonuna wakisoma haya, lakini mimi pia niko kwenye hii biashara. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokuwa ngumu nyumbani, nikaanza kuunga mabaki ya vitambaa kwa cherehani ya mamangu, na siku hizi ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Kwa hivyo usinione mteja mwenye maringo. Kila foronya mbovu inayouzwa na mtu mwingine inaniharibia soko. Mteja akiumwa mara moja, mara ya pili anaipita meza yako bila hata kusimama, anaenda supamaketi kununua ya kiwanda.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba dawa ya hizo ncha butu ipo, haihitaji mashine ya maelfu, na inaitwa karatasi. Karatasi ya kufungia nyama.

Ngoja nianze na neno lenyewe, maana si kila mtu amelala ndani yake. Kwilti ni lile shuka zito la tabaka tatu: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa kwa mchoro fulani, katikati pamba au kitu kama blanketi jembamba, chini kitambaa kizima, kisha mishono inapitishwa kwenye tabaka zote tatu ili zishikane. Ukienda Gikomba upande wa matandiko ya mitumba utazikuta zimekunjwa katikati ya mashuka na mapazia, nyingine zimeshonwa kiwandani, nyingine zimeshonwa na bibi fulani wa Marekani ambaye huenda hajui kwamba kazi yake ya miezi sasa inapigiwa kelele ya bei kando ya mto Nairobi. Nikipata moja ya aina hiyo ya pili, huwa nageuza nyuma kwanza. Mbele kila mtu anajipodoa. Nyuma ndipo unapoona kama mtu alijua kazi.

Sasa, wale mabibi wana siri yao ya jikoni. Marekani kuna karatasi nyeupe ngumu inayouzwa kwa roli, upana wa inchi 18, upande mmoja karatasi ya kawaida, upande wa pili umepakwa plastiki nyembamba inayong'aa. Kazi yake ya asili ni kufunga nyama kabla ya kuiweka kwenye friza, isikauke wala kuungua na baridi. Ndiyo maana inaitwa karatasi ya friza. Washonaji wa kwilti waligundua kwamba ukiiweka juu ya kitambaa, upande wa kung'aa ukiangalia chini, kisha ukaipitishia pasi ya moto wa wastani kwa sekunde chache, ile plastiki inalainika na kushika kitambaa. Inashika kwa adabu, kama stika. Ukimaliza kazi unaibandua, haiachi gundi wala doa, na unaweza kuibandika tena kwenye kitambaa kingine, na kingine, mara kadhaa kabla ichoke.

Hiyo tabia ya kushika na kuachia ndiyo habari yote. Fundi wa mtaani anajua kile kitambaa kigumu cha kola kinachobandikwa kwa pasi, lakini kile kikishashika kimeshika hadi siku ya mwisho. Fundi huyo huyo pia anajua kukata gazeti au karatasi ya kaki iwe kipimo cha nguo, lakini gazeti halishiki, linateleza, lazima ulitoboe na pini kila mahali. Karatasi ya friza inafanya kazi za wote wawili kwa wakati mmoja. Inakuwa kipimo, na inakaa mahali pake.

Kwa nini hilo ni muhimu hivyo? Twende kwenye hesabu kidogo, usikimbie.

Chukua vipande vinane vya mraba uviunge kwa mstari mmoja. Vipande vinane vina mishono saba. Washonaji wa kwilti wa Marekani huacha robo inchi ya kitambaa kwa ajili ya mshono, kama milimita 6 hivi. Sasa mkono wako umeteleza, badala ya 6 umekula 7. Milimita moja tu, nani ataona? Lakini kila mshono unashika vipande viwili, kwa hivyo kila mshono umekuibia milimita 2. Mara saba, 14. Mstari wako umepungua karibu sentimita moja na nusu, na hapo ni kama una bahati, kwamba umekosea kwa namna ile ile kila mara. Mstari wa pili umeushona usiku macho yakiwa mazito, umepungua 6. Ujaribu sasa kuiunganisha hiyo mistari miwili kona zikutane. Utavuta, utalainisha na pasi, utaomba. Hazitakutana.

Ukija kwenye nyota, ndiyo noma zaidi. Nyota ina pembetatu, na pembetatu ina angalau upande mmoja uliokatwa mshazari wa nyuzi za kitambaa. Upande huo unavutika kama raba. Ukiushika tu vibaya umeongezeka. Ukiupitisha kwenye cherehani bila kitu cha kuushikilia, unatoka mrefu kuliko ulivyoingia. Chaki nayo haikusaidii sana, kwa sababu mstari wa chaki wenyewe ni mnene, na hakuna aliyekuambia ukate upande gani wa huo unene.

Karatasi inamaliza maneno yote mawili. Kipande cha karatasi kilichokatwa kwa rula na kisu kikali kina ukingo mmoja, si kama chaki. Na kikishabandikwa nyuma ya kitambaa, ule mshazari haupati nafasi ya kunyooka, umeshikiliwa.

Kazi yenyewe inaenda hivi, na naieleza polepole kwa sababu video nyingi zinaikimbiza. Unachora nyota yako nzima kwenye upande usiong'aa wa karatasi, kwa ukubwa ule ule unaotaka. Unaipa kila kipande nambari. Unaandika ni cha rangi gani. Halafu unapitisha vistari vidogo vinavyokata kila mstari wa mshono, kama vile fundi wa mbao anavyotia alama mbao mbili kabla hajazitenganisha, ili baadaye zijuane. Usiviruke hivyo vistari. Ndivyo vitakavyokuambia kipande nambari 5 kinakaa vipi na nambari 6 hasa kama ukingo ni wa kupinda.

Ukishamaliza ndipo unakata karatasi kwenye mistari kamili, bila kuacha nafasi yoyote ya mshono. Unabandika kila kipande kwa pasi nyuma ya kitambaa chake. Unakata kitambaa ukiacha robo inchi kuizunguka karatasi. Unachukua vipande viwili, unaviweka uso kwa uso, unachomeka pini kwenye kona ya karatasi ya kwanza itokee kwenye kona ya karatasi ya pili, halafu unashona kandokando ya karatasi. Sindano inapita ukingoni tu, haitoboi karatasi. Ukingo wa karatasi ndio reli yako. Ukimaliza, unabandua.

Kuna mtego mmoja. Kwa kuwa karatasi inakaa nyuma ya kitambaa, mchoro unaouona ukifanya kazi ni kinyume cha kitakachoonekana mbele. Kwa nyota haijalishi, nyota nyingi ni sawa pande zote. Lakini chora ramani ya Kenya bila kuigeuza kwanza, uone Turkana ikihamia kwa Mandera na Lamu ikiwa jirani ya Kisumu. Herufi pia. Kama unataka jina la mtoto wa mteja kwenye blanketi lake, ligeuze kama kwenye kioo kabla ya kulikata.

Kuna njia nyingine inayofanana na hii, ambapo unashona juu ya karatasi yenyewe, sindano inaitoboa, kisha mwisho unairarua. Inatoa ncha kali ajabu. Shida yangu nayo ni ile jioni ya kuchomoa mabaki ya karatasi kwenye mishono kwa kucha na kibanio cha nyusi, na mchoro ukirarua ndio umeisha, nyota inayofuata uchore upya. Judy Mathieson, Mmarekani anayejulikana kwa kwilti zenye mchoro wa dira ya baharia, zile za ncha nyingi nyembamba kama sindano, amefundisha njia ya katikati: unaikunja karatasi ya friza kwenye mstari na kushona kando ya mkunjo, kwa hivyo hairaruki na inatumika tena. Mwingine wa Massachusetts, Ruth B. McDowell, anaunda mimea na wanyama wazima kwa vipande visivyofanana hata viwili, kila kimoja na karatasi yake yenye nambari. Tafuta picha za kazi zao. Halafu urudi uniambie haiwezekani kona kukutana.

Najua unachowaza. Hiyo karatasi tutaitoa wapi? Roli ya Marekani ukiagiza mtandaoni, gharama ya kuisafirisha inaweza kuipita bei yake. Na ukiingia supamaketi ukiomba karatasi ya jikoni utapewa vitu viwili vinavyofanana nayo kwa mbali, na vyote viwili vitakuangusha. Ya kwanza ni ile iliyopakwa nta. Usiiweke chini ya pasi, nta itayeyuka na kuingia kwenye kitambaa chako. Ya pili ni ile ya kuokea mikate na keki. Hiyo imetengenezwa isishike kitu chochote, ndiyo kazi yake, kwa hivyo haitashika hata ukiipiga pasi hadi stima ipotee.

Sasa nenda kwenye duka la saiba lililo karibu nawe. Karatasi za A4 zinakuja kwa rimu ya kurasa 500, na kila rimu imefungwa kwa karatasi ngumu yenye jina la kampuni. Wakishaifungua, ile ya nje inaenda kwenye ndoo ya taka. Iokote. Geuza upande wa ndani. Kuna zile ambazo ndani ni karatasi tupu, hizo waachie. Lakini nyingi zimepakwa plastiki nyembamba inayong'aa ili unyevu usiingie kwenye karatasi. Plastiki upande mmoja, karatasi upande wa pili. Unaona tunapoelekea?

Jaribu kwanza kwa kona ndogo kwenye kitambaa cha kutupa. Pasi ya wastani, isiwe na mvuke, na uweke kitambaa safi katikati ya pasi na karatasi, maana yale maandishi ya nje yanaweza kuhamia kwenye pasi yako, kutoka pasi yahamie kwenye shati la babako, na hiyo kesi sitaki kuhusishwa. Ikishika na kubanduka bila kuacha kitu, umepata. Ikigoma kushika, jaribu ya kampuni nyingine. Na tumia kitenge cha pamba. Vingine vya bei ya chini ni poliesta, vinasinyaa na kung'aa chini ya moto, utalaumu karatasi bure.

Hata ukikosa kabisa ya kung'aa, kuna njia ya zamani kuliko friza yenyewe. Unakata umbo kwenye karatasi ya kawaida, unakunja kingo za kitambaa juu yake, unapiga bandi kwa uzi ili kisimame, halafu unaunga vipande ukingo kwa ukingo kwa sindano ya mkono. Mwisho unatoa bandi na karatasi. Waingereza wamekuwa wakifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 300. Chama chao cha washonaji, Quilters' Guild, kina shuka la hariri lililoungwa juu ya karatasi, na mshonaji aliweka mwaka wake ndani ya kazi: 1718. Karatasi enzi hizo haikuwa kitu cha kutupa, kwa hivyo watu walikata barua kuukuu, risiti, kurasa za daftari za watoto. Kuna kwilti za kale ambazo hazikumalizwa, karatasi bado zimo nyuma, na wanahistoria wanazigeuza na kusoma vipande vya maisha ya watu. Nani alikuwa anadaiwa nini, mtoto alikuwa anajifunza herufi gani. Nikiwaza hivyo naona kufungia rimu ya saiba hakuna aibu hata kidogo. Watu wa mwaka 1718 walikuwa saiba kabla ya saiba.

Hapa ndipo yule mjuaji wa kikundi atanyoosha mkono. Ataniuliza, na wanawake wa Gee's Bend je?

Ni swali zuri na nimekaa nalo sana. Gee's Bend ni kijiji cha watu weusi kule Alabama, ndani ya kona ya mto, jina rasmi Boykin. Wakazi wengi ni wajukuu na vitukuu vya watumwa wa shamba moja, ndiyo maana utakuta familia nyingi zinaitwa Pettway, jina la mwenye shamba. Wanawake wa pale walishona kwilti kwa nguo kuukuu za kazi, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na pesa hazikuwepo. Hawakufuata mchoro wa kitabu. Mistari inapinda, miraba haina pembe nne sawa, ukanda mmoja unaanza mnene unaishia mwembamba. Mwaka 2002 kwilti hizo zilionyeshwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney kule New York. Mwaka 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta ya Marekani. Hakuna karatasi ya friza hapo.

Kwa hivyo kupinda ni sanaa? Ndiyo, ikiwa ni uamuzi. Kuna moja iliyoshonwa na Missouri Pettway mwaka 1942, baada ya mumewe kufa. Alichukua nguo zake za kazi akaziunga ziwe kitu cha kujifunika. Itazame uniambie ni wapi kumeharibika. Hutapata, kwa sababu hakukuwa na nyota iliyoahidiwa ikakosekana. Zile suruali zilikuja na maumbo yake, yenye kuchakaa kwake, na mshonaji akaamua kila kipande kikae wapi. Jicho lililofanya hivyo lilikuwa limeshona tangu utotoni.

Lakini wewe ulichora nyota ya ncha nane. Hakuna aliyekulazimisha. Mteja akiona ncha tano anajua zimepungua tatu, hahitaji kusomea sanaa. Ukitaka kushona kwa jicho, bila rula, fanya hivyo waziwazi, kata mistari ipinde kwa makusudi, na uone kama kazi itasimama. Ni ngumu kuliko nyota, nakuambia ukweli. Kitu ambacho sikubali ni kushika jina la wale kina mama kama ngao kila mara cherehani inapokwenda kombo.

Na kuna jambo lingine chini ya hili, linanigusa kuliko hesabu ya milimita. Kwetu kiraka kina historia ya aibu. Ulikuwa na kaptula ya shule yenye kiraka kwenye makalio? Basi unajua. Tunapojaribu kumuuzia mtu vipande vilivyoungwa kwa bei ya kitu kipya, tunapigana na kumbukumbu hiyo. Mamangu mwenyewe alipoona kazi yangu ya kwanza aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nimekosa kitambaa kizima. Mteja naye ana mama wa aina hiyo kichwani. Kinachomtoa kwenye "umekosa kitambaa" hadi "umeamua hivi" ni pale ncha nane zinapofika mahali pamoja kama zimeitwa. Hapo hakuna anayeuliza kama ni umaskini. Nimeona watu wakiipitishia kidole gumba hiyo sehemu, wakirudia, kabla hata ya kuuliza bei.

Tena kuunga si kitu kigeni kwetu. Leso yenyewe, hii tunayofunga kiunoni na kubebea watoto, inasimuliwa kwamba ilianza hivyo pwani katika karne ya 19: wanawake walinunua vitambaa vya mkono vya kizungu vikiwa bado havijatenganishwa kwenye roli, wakakata vitatu vitatu, wakaunga safu mbili, wakapata nguo ya vipande sita. Ilikuwa fasheni ya mjini, wenye uwezo wakishindana nani kapendeza. Baadaye ndipo wafanyabiashara wakaanza kuchapa kitambaa kizima cha ukubwa huo. Wanawake wa pwani waliunga kwanza, kiwanda kikafuata.

Turudi kwenye doo, maana najua wengine mmengoja hapo tu. Faida kubwa ya karatasi kwa anayefanya biashara si ncha moja nzuri. Ni ncha ya sita. Mteja wa maana haji na oda ya foronya moja. Ana mkahawa, ana nyumba ya wageni, anataka sita zinazofanana. Ukifanya kwa chaki na matumaini, utampelekea ndugu sita wa baba tofauti. Ukiwa na seti moja ya karatasi yenye nambari, unabandua kwa ya kwanza unabandika kwa ya pili, na zote zinatoka tumbo moja. Ukimaliza, tia seti hiyo kwenye bahasha, andika vipimo juu, weka. Akirudi baada ya mwaka akitaka mbili zaidi, hutaanza kukisia. Mimi nina boksi la viatu lililojaa bahasha za namna hiyo, na nyumba ikishika moto ndilo nitakalobeba baada ya cherehani.

Malighafi ipo. Pita kwa mafundi wa vitenge jioni wakifagia, uone magunia ya vipande yanayongoja kuchomwa au kutupwa. Baadhi watakupa bure, wengine wakishajua una kazi navyo wataanza kukuuzia, ni haki yao. Usichukue kila kitu. Chagua pamba, chagua uzito unaokaribiana, na osha kabla ya kushona, kwa sababu kitenge kimoja kikisinyaa na kingine kikichuja rangi, hakuna karatasi itakayokuokoa.

Ukianza Jumamosi hii, anza na vipande vinne tu, si nyota. Mraba mmoja uliokatwa pembetatu nne zinazokutana katikati. Ukubwa wa kiganja. Ushone mara tano, tumia karatasi zile zile nne, halafu upange zote tano mezani na kuzipima kwa rula. Zikitofautiana zaidi ya milimita moja, shona tano nyingine kabla hujafikiria kupiga picha ya Instagram. Mtu wa saiba akikuuliza unazitakia nini hizo takataka, mwambie za mradi. Ukikuta zenye kung'aa vizuri ndani, mbili tatu niwekee.